Theluji ya Mama Ngina

Desemba ya mwaka juzi nililipwa shilingi elfu tatu nifiche neno THELUJI.

Kulikuwa na maneno mengine kumi na tisa ya kuficha, lakini hilo ndilo lililonikaa kooni. Kazi yenyewe ilikuwa hivi: watu fulani walikuwa wanaandaa siku ya watoto pale Mama Ngina, tarehe 26, na walitaka karatasi ya chemsha bongo ya kugawa. Kama hujawahi kufika Mama Ngina tarehe 26 Desemba, jua tu kwamba hakuna pa kuweka mguu. Wa Likoni wamevuka na feri, wa Kisauni wameteremka na matatu, wageni wa bara wameshuka treni jana yake, na wote wanataka kitu kimoja: wakae ukutani wale viazi karai na mihogo huku meli inapita karibu hadi unahisi ukinyoosha mkono utaigusa.

Karatasi iwe na jedwali la herufi, kumi na tano kwa kumi na tano, lile la kutafuta maneno yaliyojificha. Pambo pembeni. Orodha ya maneno waliniletea wenyewe, kwa Kiingereza, nitafsiri. Nikatafsiri. Soksi, kengele, mshumaa, zawadi, msonobari, theluji. Yule mtu wa theluji mwenye pua ya karoti nilimwacha nje, hakutosha kwenye visanduku. Yule mnyama wa pembe anayevuta gari la Santa nilimtafuta kwenye kamusi, nikaambiwa kulungu. Kulungu namjua mimi. Yuko Shimba Hills na havuti kitu.

Mimi ni mtu wa kazi za vipande. Niliacha chuo mwaka wa tatu, na tangu hapo naandika chochote kinacholipwa: maelezo ya vyumba vya kukodisha, hotuba za wasimamizi wa harusi, maneno ya kwenye mabango. Kwa hiyo usidhani nakosoa nikiwa nimekaa juu. Nakosoa kitu nilichokitengeneza kwa vidole vyangu, nikalipwa (kwa kuchelewa), nikala.

Tuanze na haki ya huu mchezo, maana ukoo wake si wa aibu. Fumbo la visanduku, lile la maneno kupishana kwa kulala na kusimama, lenyewe ni mtoto wa Krismasi. Lilitokea kwa mara ya kwanza tarehe 21 Desemba 1913 katika gazeti la New York World, kwenye kurasa za burudani za sikukuu. Aliyelitunga ni Arthur Wynne, mzaliwa wa Liverpool aliyehamia Marekani. Lilikuwa na umbo la almasi, katikati wazi, na neno la Kiingereza la furaha lilikuwa limeshajazwa juu kabisa ili kukushika mkono. Yeye aliliita kwa jina lililoanza na neno na kumalizia na msalaba. Wiki chache baadaye mpangaji wa herufi akakosea, akageuza jina nyuma mbele, na kosa hilo ndilo jina ambalo Waingereza wanalitumia hadi leo. Mwaka 1924 kampuni changa ya Simon & Schuster ikatoa kitabu kizima cha mafumbo hayo, kimefungiwa na penseli. Penseli! Mtu aliyefikiria hivyo alijua kitu kuhusu msomaji.

Jedwali la kutafuta maneno ni mdogo wake, na ni mdogo mvivu. Wynne alikupa dokezo ukatafute neno kichwani mwako. Jedwali linakupa neno lenyewe, limeandikwa chini pale kwa herufi kubwa, halafu linakwambia ulitafute. Unatafuta kitu ambacho tayari umeshapewa. Na ukishindwa, majibu yako chini ya ukurasa yamepinduliwa, ugeuze karatasi tu.

Tuje kwenye pambo, maana hapo ndipo nilipolala macho.

Mteja alitaka chembe za theluji kuzunguka ukurasa. Unazijua, ❄ na ❅ na ❆. Ziko kwenye simu yako sasa hivi, na kila Desemba zinakuja kwenye makundi ya WhatsApp kwa mafungu: nyota, theluji, kengele, nyota, jina la aliyetuma, nyota. Nikajiuliza zimetoka wapi, maana hakuna mtu Mombasa aliyewahi kukaa akaamua kwamba theluji ndiyo alama yetu. Zimetoka kwa Hermann Zapf, Mjerumani mchora herufi. Mwaka 1978 ilitoka seti yake ya alama za mapambo, Zapf Dingbats: mikasi, mkono wenye kalamu, majani, bahasha, ndege, nyota za kila aina na hizo chembe tatu za theluji. Miaka ya themanini seti hiyo ikawekwa ndani ya mashine za kuchapishia, na mwaka 1991, Unicode ilipotoa orodha yake ya kwanza ya herufi za dunia nzima, alama za Zapf zikaingia karibu zote. Ndiyo maana simu ya mtu aliyekaa Majengo kwenye joto la digrii 32 ina aina tatu za theluji. Nazi ya picha ilibidi isubiri hadi mwaka 2017.

Silaumu Zapf. Yeye alichora kilichokuwa dirishani kwake, na alikichora vizuri. Iangalie ❆ ikiwa kubwa uone ilivyosimama. Ninachosema ni kwamba sisi tunaokota kilicho karibu na kidole. Nilizipanga zile chembe 84 kuzunguka ukurasa, nikaziangalia, na hazikuwa zinafanya kazi yoyote. Hazikutenganisha kitu na kitu. Hazikumwambia mtoto aanzie wapi. Zilikuwa zimekuja tu, kama mgeni aliyeletwa harusini na mgeni mwingine.

Pambo lilianza kama kazi. Hii alama * tunayoibonyeza kila siku jina lake la Kigiriki maana yake ni nyota ndogo, na zaidi ya miaka elfu mbili iliyopita, kule Aleksandria, msomi Aristarko aliiweka pembeni mwa mistari ya Homeri iliyojirudia mahali pengine. Kinyota kilikuwa kinasema: angalia, hii umeshaisoma. Ukitaka cha karibu zaidi, waulize watoto wa madrasa yoyote Mji wa Kale kuhusu ۞, ile nyota ya pembe nane ndani ya msahafu. Wanajua kazi yake. Inaonyesha robo ya hizbu inapoanzia, na hizbu ni sitini kwa msahafu mzima. Mtoto akiambiwa asome mpaka hapo, anasoma mpaka hapo. Na usifikiri nyota inayofanya kazi lazima iwe kavu: misahafu iliyonakiliwa kwa mkono kule Siyu, kisiwa cha Pate, ina mapambo ya rangi pembeni ambayo mtu anaweza kuyatazama mchana kutwa.

Halafu kuna ule mti wa vinyota. Unaujua: kinyota kimoja juu, vitatu chini yake, vitano, saba, mpaka kigogo. Kila mwaka kuna mjomba anautuma na kila mwaka unafika umelala upande, kama mnazi uliopigwa na kusi. Sababu ni mbili na zote si za mjomba. Moja, mti ule unategemea kila herufi na kila nafasi iwe na upana sawa, na simu haziandiki hivyo. Nafasi tupu ni nyembamba kuliko kinyota. Pili, tangu mwaka 2016 WhatsApp imekipa kinyota kazi: ukizungushia neno vinyota viwili, neno linakuwa zito na vinyota vyenyewe vinapotea. Kwa hiyo mtu anaandika *Krismasi Njema* na nyota zake zinaliwa. Nakiri kwamba ule mti ulioanguka naupenda kuliko karatasi yangu. Angalau mjomba aliupanga kwa nafasi, kwa kidole gumba, akihesabu.

Basi jioni moja niliiacha karatasi yangu mezani. Mama akaichukua.

Mama yangu anapinda leso. Mombasa tunasema leso, wewe wa kwingine unasema kanga. Huuzwa doti, vipande viwili vikiwa vimeshikana, na lazima mtu avitenganishe na kuvipinda ncha. Mama ana cherehani yake kwenye baraza karibu na Biashara Street, mwaka wa kumi na tisa huu. Leso anazishika siku nzima na anazisoma zote. Mteja akimletea anamwangalia, anaisoma leso, anamwangalia tena, halafu anaanza kupinda bila neno.

Aliishika karatasi yangu kama anavyoshika leso mpya, kwa pembe mbili.

“Pindo nimeliona,” akasema. Ndiyo ile theluji. “Na huu ndio mji?” Akagusa jedwali.

“Ni mchezo, mama.”

“Jina liko wapi?”

“Haina jina.”

“Sasa yamwambia nani?”

Nikacheka, nikaichukua karatasi, na swali likabaki. Ndilo swali bora la uhakiki nililowahi kuulizwa, na miaka mitatu chuoni nilikaa darasa la fasihi.

Kwa asiyejua: leso ina sehemu tatu. Pindo ni pambo linalozunguka pande zote nne. Mji ni uwanja wa katikati, wenye korosho, au ua, au embe, au nanasi, au chochote. Jina ni ule mstari wa maneno, kwa herufi kubwa, ndani ya kisanduku chake juu ya pindo la chini. Hapo zamani jina liliandikwa kwa herufi za Kiarabu, baadaye zikaja za Kirumi. Ukiona K.H.E. na maneno Mali ya Abdulla, hiyo ni alama ya Kaderdina Hajee Essak, biashara ya hapa hapa Mombasa iliyoanza mwaka 1887. Kwa hiyo mji huu umekuwa ukiuza mstari mmoja wa maneno ndani ya fremu ya mapambo, na watu wakijipanga kuununua, tangu zamani. Kama kuna mahali duniani panapojua kuweka neno na ua kwenye ukurasa mmoja, ni hapa, na mimi nilienda kuazima theluji.

Na mstari ule ni fumbo. Lakini si fumbo la aina ya jedwali. Jedwali linaficha neno na kuacha maana wazi. Leso inaweka neno hadharani, kwa herufi za inchi moja, na kuficha maana. Zaidi ya yote inaficha mlengwa. Mwanamke anajifunga leso anapita mbele ya mlango wa jirani. Anayejua anajua. Asiyejua anaona nguo. Na jirani akija juu, anajibiwa kwa utulivu kwamba leso imechapwa kiwandani, imenunuliwa dukani, wapo mia walionunua hiyo hiyo, kwani wewe imekugusa wapi? Hakuna majibu yaliyopinduliwa chini ya ukurasa. Fumbo mfumbie mjinga, wazee wanasema, mwerevu huligangua. Na kwenye leso hata akishaligangua hana ushahidi.

Mombasa imelijua hilo tangu Muyaka bin Haji, aliyezaliwa yapata mwaka 1776 na kufa 1840, akaishi siku za Mazrui hadi Seyyid Said alipouchukua mji mwaka 1837. Muyaka aliyatoa mashairi kwa watu wa barazani na sokoni, juu ya vita, njaa, mapenzi, madeni. Alifumba, na wenzake wakafumbua kwa shairi, naye akarudisha. Mengi tuliyonayo yalihifadhiwa vichwani, kisha Mwalimu Sikujua bin Abdallah na mmisionari W. E. Taylor wakayakusanya, na diwani ikachapwa mwaka 1940. Mtu aliyefumbiwa na Muyaka hakuwa anapitisha muda. Alikuwa na jina la kulinda.

Hata kitendawili cha watoto kina gharama. Ukishindwa, mteguaji wewe, unaambiwa: nipe mji. Na lazima utoe, Mombasa au Lamu au Unguja, ndipo mwenzako atembee huko kwa maneno matamu halafu akupe jibu. Mji unatoka mkononi mwako. Sijui kama mji wa kitendawili na mji wa leso ni ndugu au ni majirani tu, lakini mama alipouliza mji uko wapi nilisikia yote mawili.

Nisiipambe leso kuliko ilivyo. Nyingi za siku hizi maneno yake ni ya kurudiarudia, dua na pongezi, na kuna zilizochapwa mbali na mtu asiyejua Kiswahili, herufi zimerukwa. Mama anazo hadithi za leso zenye makosa ambazo amekatazwa kuzicheka mbele ya wateja. Na leso za Krismasi zipo, nimeziona mapajani mwake: kengele kwenye pindo, mshumaa kwenye mji, na jina linalokutakia heri. Zinapendeza. Lakini ukiuliza yamwambia nani, zinamwambia kila mtu, na kila mtu hageuki.

Sasa niseme kuhusu leso moja.

Karo yangu ya chuo alikuwa akilipa mjomba. Alilipa miaka miwili na nusu, kisha mambo yake yakaharibika, na mimi nikarudi nyumbani na begi. Mama hakusema kitu. Alinipakulia. Lakini wiki ile alijifunga leso ambayo sikuwa nimeiona, nyekundu na nyeusi, nyota kubwa kwenye mji, na jina: USISAFIRIE NYOTA YA MWENZIO. Aliivaa asubuhi akifagia. Aliivaa jioni. Mwezi mzima, nadhani, akiifua na kuianika mbele ya dirisha langu, na upepo ukiifungua niisome.

Niliisoma mara ya kwanza kama inanilenga mimi: umejitegemeza kwa bahati ya mtu, sasa imezimika, uko njiani gizani. Niliumia kweli. Sikuongea naye vizuri hadi Pasaka. Baadaye nikaisoma kama inamlenga mjomba, aliyekuwa amependa sana kusema mbele za watu kwamba mimi ni kazi yake. Baadaye zaidi, nilipoanza kupata vijisenti, nikaisoma kama anajiambia mwenyewe, yeye aliyekuwa amenikabidhi kwa kaka yake badala ya kusema hapana. Masomo matatu ya mstari mmoja. Na mwaka hadi mwaka nikipokea zile salamu za Krismasi zenye ★★★★★ juu na chini, ndiyo nyota ninayoiona. Hata mamajusi wananipa shida. Ukilifikiria, wale walisafiria nyota ya mwenzao kutoka mashariki hadi Bethlehemu, na wakafika.

Mwaka jana mteja hakunirudia. Nikaamua nitengeneze karatasi yangu mwenyewe, na hapo nikajifunza kitu kuhusu Kiswahili ambacho hakuna mwalimu aliyeniambia: hakifichiki.

Nieleze. Ukishapanga maneno yako kwenye jedwali, visanduku vinavyobaki vinajazwa herufi ovyo. Programu nilizozitumia zinajaza kwa herufi za Kiingereza, ishirini na sita zote. Lakini Kiswahili sanifu hakina Q wala X, na C haisogei bila H. Kwa hiyo Q ikikaa mahali, mtoto anajua pale pamekufa. Tena maneno yetu ni konsonanti na irabu, konsonanti na irabu, hadi mwisho. Ndani ya msitu wa XQRTW, neno ZAWADI linang’aa kama meli usiku kwenye mlango wa Kilindini. Karatasi yangu ya kwanza watoto waliimaliza kabla viazi havijapoa, nami nikadhani ni werevu wao.

Suluhisho ni kujaza kwa silabi za Kiswahili. Nikajaza kwa mkono, KA, LI, MA, TU, NI. Na hapo likatokea balaa la pili: ukijaza Kiswahili kwa silabi, maneno yanajitunga yenyewe. Sikuweka MATE, yakawa yapo. Sikuweka LALA. Sikuweka TATU, wala KULA, wala KAKA. Na kona ya kushoto chini, likisomeka mshazari, likajikalisha neno ambalo siwezi kuliandika hapa, na ambalo mama aliliona kabla yangu. Hakusema kitu. Aliweka kidole juu yake, akanitazama, akaendelea kupinda.

Nikafuta, nikapanga upya. Orodha ya chini nikaitoa. Badala yake nikaandika vitendawili kumi na viwili vyangu mwenyewe. Hana mkono, anatusukumia jahazi na kutukaushia nguo: KASKAZI, upepo wa Desemba. Mgeni anampiga picha, mwenyeji anamlaani saa ya kazi: FERI. Kuna PILAU, kuna EMBE, maana huu ndio msimu wake, kuna HORI, kuna MAMAJUSI, kuna MVINJE, kwa sababu kwetu Rabai Krismasi tulipamba tawi la mvinje na wala sikujua kwamba kuna mti mwingine. MVINJE lilinitesa kwa zile konsonanti za mwanzo. Nililizungushia MW na MB hadi likatulia. Theluji sikuiweka. Pembeni nilichora korosho kwa kalamu, na fotokopi ikazigeuza kama mende kidogo. Na baada ya kila vitendawili vitatu, nyota moja, mtoto ajue kwamba hapo anaweza kusimama akale.

Siku ile ya kuchora korosho ndiyo nilimuuliza mama. Miaka ilikuwa imepita, na cherehani ilikuwa inalia, nikaona ni rahisi kuuliza kukiwa na kelele.

“Ile leso ya nyota. Ulikuwa wamwambia nani?”

Hakusimamisha cherehani. “Ile? Ilikuwa imepunguzwa bei.”

Nimeligeuza jibu hilo kila upande. Inawezekana ni kweli. Namjua kwa bei. Inawezekana ni leso nyingine ameivaa juu ya ile.

Tarehe 26 nilienda Mama Ngina na nakala 60. Nisidanganye kuhusu mapokezi. Zaidi ya ishirini zilifungia mihogo, na muuzaji mmoja aliniomba zilizobaki. Vijana wa chuo walisoma vitendawili kwa sauti ya kejeli, wakakwama kwenye cha tano, wakabishana hadi wakasahau kukejeli. Baba mmoja kutoka bara alinirudishia karatasi, akasema kwa upole kwamba haina orodha, nitakuwa nimesahau kuichapa.

Chini ya mbuyu kulikuwa na msichana wa kama miaka tisa na bibi yake. Msichana alikuwa amelala kifudifudi juu ya leso, penseli mkononi, amepata tisa kati ya kumi na mbili na mengine sita ya kwake. Alinionyesha TUI, imelala mstari wa saba.

“Hilo sikuliweka,” nikamwambia.

“Lakini lipo.”

Lilikuwepo. Akageuza karatasi, akaangalia nyuma, akaigeuza tena juu chini. “Majibu yako wapi?”

Nikamwambia hayakuchapwa, kama ameshindwa anipe mji. Alimtazama bibi yake, bibi akatazama meli. Akafikiri kama mtu anayepima bei, kisha akanipa Voi.

Nikasema Voi ni mbali, sina nauli. Bibi, bila kugeuza kichwa, akasema nichukue hivyo hivyo.